Karatasi ya homoni haiwezi kuhesabu mwaka wako



Hapa tumezoea kuchambua vitabu, hotuba za wakubwa na maazimio ya semina. Leo nataka tuchambue maandishi mafupi zaidi, yenye hayapiti nusu ukurasa: karatasi ya labo ya homoni. Mnaijua. Juu kuna jina na umri, chini mistari mitatu ao mine: FSH, LH, estradioli, mara nyingine AMH. Mama wa miaka 46 ao 48 anatoka nayo labo, anaikunja, anaitia kwenye sakoshi, na jioni inasomwa nyumbani kama hukumu ya tribinali. Eti "umeshafika mwisho". Ao eti "bado hujafika, hilo joto unalosema ni mawazo tu".

Hoja yangu ni moja na naisema mapema. Kwa mama mwenye afya yake, aliyepita miaka 45, karatasi ile haiwezi kujibu swali tunaloiuliza. Si kwa sababu labo zetu za Uvira ni mbaya. Vuka Kavimvira uende Bujumbura, panda ndege uende Nairobi, upate mashine mpya kabisa yenye umeme haukatiki: kasoro itabaki ileile, kwa sababu haiko kwenye mashine. Iko kwenye swali.

Kukoma hedhi maana yake nini? Waganga wa dunia nzima wamekubaliana: ni miezi 12 mfululizo bila kuona damu ya mwezi, bila sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha, dawa ao ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Angalieni vizuri maana hiyo. Ni ya kuhesabu nyuma. Siku mama anapoona damu ya mwisho, hakuna anayejua kama ni ya mwisho, si yeye, si dokta, si labo. Inajulikana mwaka mmoja baadaye. Sasa sisi tunachukua damu ya asubuhi moja, saa mbili na nusu, na kuiambia itupatie habari za mwaka mzima. Ni kama kusimama bandarini Kalundu dakika tano, kuona ziwa limetulia, halafu kuandika ripoti ya upepo wa mwaka.

Tuone FSH ni kitu gani. Mtoto msichana anazaliwa na akiba ya mayai yake yote, kama milioni moja hadi mbili, na hakuna mengine yatakayotengenezwa. Miaka inavyopita akiba inapungua. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma FSH ili kuamsha mayai kila mwezi. Ovari zikiitika vizuri, zinatoa homoni zao, na tezi inapunguza sauti. Akiba ikiwa ndogo, kuitika kunakuwa kugumu, na tezi inapandisha sauti. Ndivyo mama anavyoita mtoto aliye mbali: kama haitiki, anaita kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba FSH inapanda mwanamke anapokaribia mwisho. Hapo labo haidanganyi.

Shida ni kwamba haipandi kama ngazi. Katika miaka ile ya katikati, yenye inaweza kuwa minne, ikaweza kuwa mingi zaidi, inapanda na kushuka. Mwezi huu ovari zimelala, FSH inafika 40. Mwezi ujao yai moja linaitika, estradioli inaruka, FSH inarudi 9, na yai linatoka kama kwa msichana wa miaka 25. Tena katika miaka hiyo estradioli mara nyingine inakuwa juu kuliko ilivyokuwa ujanani. Mama yuleyule, mwili uleule, karatasi mbili zinazopingana, na zote mbili ni za kweli. Ukimpima wakati wa 40 utamwambia "imekwisha". Ukimpima wakati wa 9 utamwambia "hakuna kitu". Hizo namba mbili ni mfano wangu wa kueleza, lakini kupanda na kushuka kwenyewe ndiko sura ya kawaida ya kipindi hicho.

Sasa tuisome karatasi mstari kwa mstari, kama tunavyosoma mkataba.

Mstari wa vipimo. Estradioli inaandikwa kwa pikogramu katika mililita, ao kwa pikomoli katika lita. Pikogramu 50 ni karibu pikomoli 184. Mama mwenye karatasi mbili za labo mbili anaweza kulia ao kushangilia bure, juu ya kulinganisha namba tupu bila kuangalia kilichoandikwa pembeni.

Mstari wa "thamani za kawaida". Hapo utaona mafungu: nusu ya kwanza ya mwezi, katikati, nusu ya pili, baada ya kukoma hedhi. Karatasi inakuonyesha mafungu manne, lakini haikuambii wewe uko katika lipi. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua damu yako ya mwisho ilikuwa lini. Hata msichana mwenye afya, FSH yake inapanda katikati ya mwezi yai linapokaribia kutoka. Na mafungu yenyewe yanabadilika kulingana na mashine na dawa za kupimia.

Mstari wa AMH. Hiki kipimo kinakisia akiba iliyobaki. Kinawasaidia waganga wanaotibu ugumba kujua ovari zitaitika namna gani kwa dawa. Hakiwezi kumwambia mwanamke mmoja tarehe yake ya mwisho. Kukilipia kwa kazi hiyo ni kununua ramani ya mji mwingine.

Halafu mstari wenye haupo, na huo ndio mkubwa. Mara nyingi karatasi haina siku ya damu ya mwisho. Haina njia ya uzazi wa mpango. Haisemi kama kizazi kiliondolewa. Mwanamke anayemeza vidonge vyenye homoni mbili, FSH yake inashushwa na vidonge; kipimo hicho hakisomi ovari zake, kinasoma dawa yake. Anayechoma sindano ya miezi mitatu, baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao hawaoni damu kabisa, bila kuwa wamekoma. Anayetumia vidonge vya biotini vya kuotesha nywele na kucha, katika mashine fulani FSH inaweza kutoka chini kuliko ilivyo na estradioli juu kuliko ilivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya biotini na vipimo vya labo mwaka 2017. Mambo hayo yote yanajulikana kwa kuuliza. Kuuliza ni bure.

Mtu atasema: haya ni maoni yako. Hapana. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Park City, Marekani, kupanga hatua za uzee wa uzazi, wakarudia kazi hiyo mwaka 2011 na kuichapisha 2012. Walichagua mzunguko wa hedhi kuwa kipimo kikuu. Homoni waliziweka kama msaada tu, na kati ya sababu walizotoa ni kwamba vipimo havilingani kati ya labo na labo, tena ni vya gharama, hasa kwa nchi zenye uwezo mdogo. Yaani walitufikiria sisi. Mwezi wa 11 mwaka 2015 taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, NICE, ilisema wazi zaidi: mwanamke mwenye afya aliyepita miaka 45, mwenye dalili na hedhi iliyobadilika, atambuliwe bila vipimo vya labo. Uingereza, wenye mashine zao zote, wanamwambia dokta: muulize, usimchome. Sisi tunaohesabu franka mara mbili kabla ya kununua mafuta ya taa, tunachoma.

Nani anaumia? Naona milango minne.

Wa kwanza ni mimba. Mama wa miaka 46 anaambiwa na karatasi moja kwamba amemaliza. Anaacha sindano. Miezi mitano baadaye tumbo linaanza kuonekana, na yeye alifikiri ni unene wa umri. Mimba katika umri huo ina hatari zaidi: presha, kisukari, kuharibika, kutoka damu nyingi wakati wa kuzaa. Kanuni inayofuatwa na waganga wengi ni rahisi: damu ya mwisho ikiwa kabla ya miaka 50, endelea kujikinga miaka miwili, ikiwa baada ya 50, mwaka mmoja. Na hapa kuna kichekesho kichungu. Kwa mama wa miaka 46 aliyekosa siku zake, test ya kwanza yenye maana ni ile ya mkojo, ya mimba, inayouzwa kila farmasi kwa bei ndogo. Wengi wanalipia homoni tatu na hawajapimwa mimba.

Wa pili ni damu inayorudi. Mwanamke aliyemaliza miezi 12 bila damu, halafu akaona damu hata ya siku moja, anapaswa kuonwa na dokta na kukaguliwa, kwa sababu inaweza kuwa kansa ya shingo ya kizazi ao ya ukuta wa kizazi. Mara nyingi siyo, lakini lazima iangaliwe. FSH haina macho ya kuona shingo ya kizazi. Karatasi ikisema "homoni zimeyumba", na mama akarudi nyumbani ametulia, hiyo karatasi imefanya kazi mbaya kuliko kukaa kimya.

Wa tatu ni jasho la usiku. Huku kwetu, kutoka Kavimvira mpaka Makobola, mtu akitoka jasho usiku tunafikiri malaria, na ni haki kufikiri hivyo. Lakini pia kuna kifua kikuu: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kukonda, homa za jioni. Kuna tezi ya shingo, kuna virusi vya ukimwi. FSH ikiwa juu, kila kitu kinatupiwa kukoma hedhi na kifua kikuu kinapita katikati yetu. FSH ikiwa chini, mama mwenye joto la kweli la kukoma hedhi anapewa dawa za malaria mara ya tatu, ama anaambiwa anajifanya. Karatasi inakosea kulia na kushoto.

Mlango wa nne hauko hospitalini. Uko kwenye baraza la ukoo. Kuna nyumba ambamo karatasi ya "imekwisha" inatolewa mbele ya wazee kama ushahidi: mke hawezi tena kuzaa, mume ana haki ya kutafuta mwingine. Namba yenye itabadilika mwezi ujao inavunja nyumba ya miaka ishirini. Na hata kama namba ingekuwa ya kweli milele, tangu lini thamani ya mama inaandikwa katika vipimo vya lita? Lakini hilo ni jambo la makala nyingine. Hapa natosheka kusema: kama ushahidi, ile karatasi haisimami.

Niongeze kitu chenye kinatuhusu sisi wa ukanda huu. Hedhi inakatika pia juu ya njaa, kukonda na mshtuko. Waganga wa Ulaya waliandika juu ya wanawake waliokosa hedhi katika vita vyao vikubwa. Wamama waliotoka Bukavu mwezi wa pili 2025, wakashuka na nationale 5 na watoto mgongoni, wengine mpaka Burundi, kati yao wako ambao hedhi inaweza kukatika bila umri wao kuwa na kosa. Kwa hali kama hiyo FSH kwa kawaida haipandi, kwa sababu ni tezi yenyewe iliyopunguza kuita. Mwili unasema "si wakati wa kuzaa". Ukitazama miezi tu bila kuuliza habari ya maisha, utakosea. Ukitazama namba tu, utakosea pia. Ndiyo maana maana niliyotoa juu ina maneno "bila sababu nyingine". Hayo maneno matatu ndiyo kazi ya dokta.

Sasa niwe mwenye haki, maana uchambuzi bila haki ni matusi. Vipimo hivi vina mahali pao. Mwanamke wa chini ya miaka 40 aliyekosa hedhi, huyo lazima apimwe, usimwambie asubiri. Ovari zikichoka mapema mifupa na moyo vinahitaji kulindwa, na matibabu yapo. Mwongozo ule wa NICE unataka kwake FSH mara mbili, wiki 4 hadi 6 kati ya damu moja na nyingine. Hata hapo hawaamini asubuhi moja. Kati ya miaka 40 na 45, mwenye dalili na mabadiliko ya hedhi, inaweza kufikiriwa. Aliyeondolewa kizazi na kuachiwa ovari hana damu ya kuhesabu. Kwake namba inaweza kusaidia pamoja na dalili. Na mwenye zaidi ya miaka 50 anayetumia sindano ao implanti, waganga wa uzazi wa mpango wa Uingereza wanakubali FSH moja iliyopita 30 kuwa ruhusa ya kuacha kujikinga baada ya mwaka mmoja zaidi. Mnaona? Kila mara namba inakuja na swali lililo wazi, umri ulio wazi, na mtu anayejua atafanya nini na jibu.

Hiyo ndiyo tofauti. Kipimo kizuri ni kile chenye jibu lake litabadilisha kinachofuata. Mama wa miaka 49, hedhi inaruka miezi miwili, joto linampanda usoni, halali. Ukipata FSH ya 12 utamtibu namna gani? Utamsikiliza na kumsaidia na lile joto. Ukipata 60? Utamsikiliza na kumsaidia na lile joto. Hata dawa za homoni, dokta akiona zinamfaa, zinapimwa kwa dalili zake na hatari zake, kama presha na historia ya kansa ya matiti, si kwa kuwinda namba. Basi ile pesa imenunua nini? Kwa mama anayeuza ndagala Mulongwe, pesa ya labo inatoka kwenye mtaji. Ndoo mbili za ndagala zimegeuka namba tatu, na namba hazikaangiki.

Jambo hili tumeishaliona kwa Widal. Nani kati yetu hajaambiwa ana tifoide? Homa ya siku mbili, damu kidogo, Widal, "tifoide", dawa za wiki mbili. Widal inasoma kingamwili, zenye zinaweza kuwa za zamani ao kuamshwa na homa nyingine, na damu moja peke yake haitoshi kusema. Tunajua hayo, tumeyafanyia mtihani. Na bado tunaiandika, juu mgonjwa asipopewa karatasi anaona hakutibiwa.

Hapo ndipo pingamizi lenye nguvu lilipo, na silikimbii. Wauguzi watasema: mama mwenyewe ndiye anaomba. Ni kweli. Lakini anaomba nini? Anaomba kuaminiwa. Ameambiwa mara nyingi kwamba anajifanya, na karatasi yenye muhuri ndiyo kitu pekee chenye mume na mashemeji watakiheshimu. Ukimnyima kipimo bila kumpa kitu, umemfukuza. Mpe kitu bora: dakika kumi, na maneno haya: "Mama, ninakuamini. Haya unayoyasikia ni ya kweli, yana jina, na kwa umri wako hatuhitaji damu kuyajua." Tena umwandikie hayo kwa mkono wako na upige muhuri. Muhuri ni uleule.

Ombi langu kwa wenzetu wa ISTM, wa labo na wa vituo vya afya ni dogo. Kwenye bon ya labo ya homoni ongezeni mistari mitatu: damu ya mwisho ilikuwa lini, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango, kizazi kipo ao kiliondolewa. Na juu ya hiyo mistari, swali moja kwa anayeandika bon: jibu hili litabadilisha nini? Asipokuwa na la kuandika hapo, asiandike bon.

Na kwa wamama na dada zetu: kalenda ya ukutani, ile ya parokia ao ya farmasi, ndicho kipimo. Kila siku ya damu, weka alama. Usiku wa joto, alama nyingine. Ukienda kwa dokta, nenda na hiyo kalenda. Imeandikwa na mtu pekee aliyekuwepo miezi yote 12.

Mwenye hoja nyingine aandike, hasa ninyi wa labo. Nitasoma.